Mashine Aliyoichagua Zulfa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, hukukosa mengi isipokuwa aibu moja, nayo ni hii.

Ida wa Bombambili na rafiki yake Zulfa wa Majengo, ambaye wengi humwita Mama Asma, walipika keki pamoja miaka tisa. Zulfa alipiga siagi na mayai, Ida akapamba. Mjini Songea watu walisema "keki ya Ida na Zulfa" kana kwamba hilo ni jina la mtu mmoja.

Mwezi wa nne, kwenye harusi moja kubwa, mama mmoja mwenye uwezo alimuuliza Ida yule mwanamke anayebeba masufuria ni nani. Ida akajibu, "Ni msaidizi wangu."

Zulfa alikuwa hatua tatu nyuma yake. Alimaliza kazi ya siku ile, akaosha vyombo vyote, vyake na vya Ida, akachukua mwiko wake na bakuli lake la bati, akaondoka. Hakurudi tena.

Ida anaposimulia habari hizi hajitetei. Kwanza husema hajui neno lile lilimtokaje. Halafu husema anajua. Yule mama alikuja na gari, na Ida alitaka kuonekana mwenye biashara.

Basi miezi miwili ikapita, na mambo ya Ida yakaanza kwenda mrama, moja baada ya jingine.

Kwanza ulikuwa mkono. Aliteleza kwenye tope nyuma ya nyumba, akaangukia kifundo cha mkono wa kulia. Hospitali walisema haukuvunjika, ila usifanyishwe kazi ya nguvu. Sasa mpishi wa keki asiyeweza kupiga siagi ni mpishi wa nini?

Akanunua kimashine cha kupigia siagi, kile cha kushika mkononi. Kilifanya kazi wiki tatu. Wiki ya nne kikatoa moshi katikati ya bakuli, na siagi yote ikanuka waya ulioungua. Keki ya Kipaimara ya mtoto wa jirani ikaenda imekaa chini kama mkate wa mahindi. Jirani alishukuru kwa heshima zote, na tangu siku ile hajaagiza kitu.

Hapo ndipo simu ya mzee Daimu ilipoingia.

Mzee Daimu alipiga kutoka Lusewa. Alijitambulisha vizuri, akasema alikula keki ya Ida kwenye harusi fulani na hajaisahau. Mpwa wake alikuwa anaoa mjini Songea, na yeye kama mjomba ndiye msimamizi wa sherehe. Alitaka keki ya ghorofa nne, Jumamosi. Majina ya maharusi ya kuandika juu angeyatuma Alhamisi.

Ida alikubali kabla mzee hajamaliza kueleza. Mkono ulikuwa unamuuma hapo hapo alipokuwa ameshika simu, lakini alikubali. Aliogopa kwamba akikataa, mji mzima utasema bila Zulfa hawezi.

Otto, mumewe, alisikiliza habari hiyo akiwa anafunga kamba za viatu. Otto ni fundi wa mashine za kusaga na kukoboa mahindi, mtu wa maneno machache. Alimuuliza kama hana njia nyingine. Ida akamwambia njia ipo, ni kununua miksa kubwa ya mezani, ile inayosimama yenyewe na bakuli lake, mtu anawasha na kuendelea na shughuli nyingine. Fedha waliyoiweka kwa ajili ya dari ya sebule ingetosha.

"Njia nyingine ninayosema siyo ya dukani," Otto alisema.

Ida alijua anasema nini. Alijifanya hakusikia, akauliza mashine nzuri inajulikanaje.

Otto akafikiri. Alimwambia asidanganyike na rangi wala na namba kubwa zilizoandikwa ubavuni. Aiinue. Ikiwa nyepesi, gia za ndani ni za plastiki, na unga mzito utazila meno. Halafu aiwashe, aweke kiganja juu yake. Ikitetemeka kama mtu mwenye homa, aiache hapo hapo.

Jumatatu asubuhi Ida akashika njia.

Duka la kwanza muuzaji hakujua mashine inafanya nini. Alisema ni ya juisi. Ida aliiinua kwa mkono wa kushoto, ule usiozoea kazi, ikapanda kama kikapu kitupu. Akashukuru, akatoka.

Duka la pili kulikuwa na moja nyekundu, nzuri ya kutamanisha. Alipoomba iwashwe, ilianza kutembea juu ya kaunta yenyewe kuelekea ukingoni, mpaka muuzaji akaikumbatia. Akasema huo ndio upya wake, ikizoea itatulia. Ida akatoka na hapo.

Kufikia saa sita alikuwa amezunguka mjini mara mbili. Kila alipotoka dukani alijiambia pengine ile ya nyuma haikuwa mbaya, akageuka, akasimama, akageuka tena. Muuza karanga aliyekuwa kwenye kona alimwona akipita mara nne, akamuuliza mama amepoteza nini.

Hapo akakumbuka duka la Muhsini, mtaa wa nyuma ya soko.

Muhsini ni kijana wa Tunduru, muuzaji wa vyombo vya umeme, mwenye adabu na asiyependa kubishana bei. Alimjua Ida. Alimwamkia, akamletea kiti, na kwa kuwa duka lilikuwa tupu akamwekea mashine tatu mezani.

Ya kwanza nyeupe, ya pili nyeusi, ya tatu ya kijivu. Zote zilikuja na vichwa vitatu: kile cha nyaya kama kikapu kwa ajili ya mayai, kile bapa kwa ajili ya siagi na sukari, na ndoano ya kukandia unga wa mandazi. Ida aliziinua zote. Nyeupe ilikuwa nyepesi. Nyeusi na kijivu zilikataa kuinuka kwa mkono mmoja.

Akaomba ziwashwe. Nyeusi ilinguruma kwa heshima. Ya kijivu nayo ilinguruma kwa heshima. Aliweka kiganja juu ya hii, akaweka juu ya ile, akarudia. Hakuona tofauti. Alimuuliza Muhsini, naye akasema kwa kweli yeye ni muuzaji, keki anaijua ikishafika kwenye sahani.

Kisha akaongeza, kama jambo la kusaidia tu, kwamba kuna mama mwingine alikuja juzi, huyo ndiye aliyezipima hasa. Alikuja na mayai yake kwenye kikopo. Akavunja manne kwenye bakuli la hii nyeusi, akaiwasha kwa dakika moja, akaizima, akaingiza kidole mpaka chini. Akasema hii inaacha yai chini bila kuligusa, keki itatoka na madoa. Akaosha bakuli mwenyewe, akafanya vile vile kwa ya kijivu. Kidole kikatoka na povu tupu.

"Akasema hii ya kijivu ndiyo yenyewe," Muhsini alisema. "Nikajua tu nyie wenye kazi yenu mna macho mengine."

Hakuhitaji kuuliza mama huyo ni nani. Miaka tisa alikuwa amekiona kidole kile kikipita chini ya bakuli.

Alijua pia maana yake. Mtu anayetafuta mashine yake mwenyewe hafikirii kurudi. Mpaka siku ile, ingawa hakuwahi kulisema, Ida alikuwa anaamini kwamba siku moja mlango utasukumwa na Zulfa ataingia na bakuli lake la bati.

Akauliza kwa sauti ya kawaida kama yule mama aliinunua.

Muhsini akasema bado. Alimwomba amshikie mpaka Jumatano, atakuja na fedha. Hakuacha kitu, aliacha neno lake tu, na kwa Muhsini neno la mama yule lilitosha. Zilikuja mbili za aina hiyo, moja iliuzwa, hii ndiyo imebaki. Lakini hii nyeusi nayo ni nzuri kwa kazi ndogo ndogo.

Hapa ndipo Ida, kila anapofika katika masimulizi, hushusha macho.

"Lakini ndiye aliyenituma," alimwambia Muhsini.

Muhsini akamtazama.

"Mama Asma. Sisi si tunapika pamoja? Ameshikwa na shughuli, akaniambia nipite niichukue."

Haikuwa lazima aseme zaidi. Nani mjini asiyejua kwamba Ida na Zulfa ni kitu kimoja? Muhsini alicheka kidogo, akasema kumbe, angesema mapema asingemchosha na hizo nyingine. Akaifuta vumbi ile ya kijivu, akaifunga kwenye boksi lake, akalifunga kwa kamba. Alimpunguzia na bei.

Ushirika ule ule ambao Ida aliukana mbele ya yule mama mwenye gari, siku hiyo aliutoa mfukoni kama kitambulisho, ukapokelewa bila swali.

Alirudi Bombambili kwa bajaji, boksi mapajani. Lilikuwa zito mpaka miguu ikafa ganzi. Dereva alimpa hongera ya kitu kipya. Ida alijibu asante, akageuza uso barabarani.

Otto aliporudi jioni aliiweka mashine mezani, akaigonga kwa kidole, akaiwasha, akatega sikio kama daktari. Akasema hii ni mashine ya kweli. Akamuuliza aliijuaje kati ya zote. Ida akasema ameziinua tu, kama alivyofundishwa. Otto alifurahi sana, na furaha yake ilikuwa mbaya kuitazama.

Jumanne alipika keki ya majaribio. Siagi na sukari vilikuwa vyeupe kabla hajamaliza kupima unga. Mayai yalipanda mpaka nusu ya bakuli. Keki ilitoka kwenye oveni imenyanyuka sawa pande zote, haina ufa, haina doa. Katika miaka yake yote ya kupika hajawahi kutoa keki nzuri kama ile.

Alikata kipande, akakitia mdomoni, akakitafuna, akashindwa kukimeza. Akaigawa yote kwa majirani. Kisha akaosha bakuli. Akalikausha. Baada ya muda akalichukua tena, akaliosha mara ya pili.

Akaifunika mashine kwa kitenge ili asiione. Akaenda uani, akarudi. Akaketi, akasimama. Alichukua simu mara tatu, akalitafuta jina la Zulfa, akalitazama, akaiweka chini.

Jumatano ikafika. Asubuhi nzima alingoja simu ya Muhsini. Haikuja. Adhuhuri haikuja. Akaanza kufikiri pengine Zulfa hakwenda dukani, pengine alibadili mawazo, pengine jambo lote litapita kimya.

Saa tisa alasiri mlango ukabishwa. Alikuwa Asma.

Asma ni binti wa pekee wa Zulfa, wa miaka ishirini na miwili. Ida alimjua tangu akiwa na sare ya darasa la saba, akija kutoka shule kulamba mwiko. Alikuwa hajamwona tangu yale yatokee. Msichana alikuwa amenenepa kidogo usoni, amependeza.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Asma hakukaa. Alisema mama yake amemtuma aulize kama mashine imefika salama.

Asma akaeleza taratibu, kama mtu anayesoma kitu asichokielewa. Asubuhi ile walikwenda dukani wote wawili, yeye na mama yake. Muhsini akawapokea kwa furaha, akasema mwenzako ameshaichukua tangu Jumatatu, kama ulivyomtuma. Mama yake alinyamaza. Muhsini akaanza kupata wasiwasi, akauliza kama kuna tatizo. Ndipo mama yake akasema hapana, ni kweli, alimtuma, alikuwa amesahau. Wakaaga, wakaondoka.

"Mama mkubwa, mama hakukutuma," Asma alisema. "Mimi siku zote niko naye. Kwa nini akasema amekutuma?"

Kitenge kilikuwa mezani na umbo la mashine chini yake lilionekana wazi. Asma alikitazama mara moja, akaondoa macho.

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa bahasha. Alisema hii haikutumwa na mama. Mama alikataa isiletwe. Ameileta mwenyewe, kwa sababu hawezi kuolewa bila mama mkubwa kujua.

Ida akatoa kadi ndani ya bahasha.

Asma na Abuu. Jumamosi hii. Na chini, kwa herufi ndogo za dhahabu, mwaliko ulitolewa kwa niaba ya familia na bwana Daimu wa Lusewa.

Alisoma jina lile, akalisoma tena.

Asma alikuwa bado anaongea. Alisema mambo yalikwenda haraka, posa ilikuja baada ya mfungo, upande wa mume hawakutaka kungoja. Mama alikuwa ameapa kwamba keki ya harusi ya mwanawe ataipika kwa mkono wake. Halafu wale wakasema wameshaagiza kwa mtu wao, wasihangaike. Siku hiyo mama hakula. Lakini hata baada ya hapo aliendelea kuitaka mashine ile, na Asma mwenyewe hajui alitaka ya nini.

"Wamesema wameagiza kwa nani?" Ida aliuliza. Sauti yake ilisikika kama ya mtu wa chumba cha pili.

Asma akasema hawakutaja. Akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Otto aliporudi alimkuta mkewe amekaa na kadi mkononi. Safari hii Ida alimwambia yote, tangu neno la mwezi wa nne mpaka kidole kilichopita chini ya bakuli. Hakuruka kitu. Alingoja alaumiwe, na kwa kweli alitamani alaumiwe.

Otto hakulaumu. Aliondoa kitenge, akaiinua mashine kwa mikono miwili, akairudisha kwenye boksi lake, akafunga kamba kama ilivyokuwa.

"Mashine haina kosa," alisema. "Ipeleke."

Alhamisi saa tatu asubuhi Ida alishuka kwenye bajaji nje ya nyumba ya Zulfa, Majengo. Ndani kulikuwa na vicheko vya wanawake. Asma alikuwa anachorwa mikononi piko la bibi harusi. Ida hakupita mbele. Alizunguka nyuma, boksi limemwelemea, akamkuta Zulfa peke yake kwenye kibaraza cha jikoni anachagua mchele kwenye ungo.

Zulfa aliinua macho, akaona boksi, akarudisha macho kwenye mchele.

Ida alilitua boksi chini. Alikuwa amepanga maneno njiani, mazuri, yenye mpangilio. Yote yakapotea.

"Mama Asma, nilidanganya kwa Muhsini," alisema. "Nilijua ni wewe uliyeomba ushikiwe, nikaichukua. Na lile neno la mwezi wa nne nililisema kwa akili zangu. Sikuteleza ulimi. Na keki ya Asma ni mimi niliyeagizwa. Sikujua kama ni yake mpaka jana, wallahi sikujua, ila ndiyo hivyo."

Ida ni Mkatoliki. Hilo neno la kuapa alilipata kwa Zulfa, kwa kukaa naye jikoni.

Zulfa alitoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

Alipoanza kusema, alisema bila kupandisha sauti. Akamwambia Ida asidhani aliyoyasema dukani aliyasema kwa kumhurumia. Angesema hakumtuma, kabla ya adhuhuri Ida angekuwa mwizi mtaa mzima. Na yeye Zulfa angekuwa nani? Mwanamke aliyekula sahani moja na mwizi miaka tisa.

"Nilijifunika mwenyewe," alisema. "Wewe ulikuwa tu ndani ya shuka."

Ida akauliza kama anaweza kusamehewa.

"Sijui. Usiniharakishe."

Kisha Zulfa akamwambia jambo ambalo hata Asma hakuambiwa. Harusi ikiisha, Jumatatu, yeye anahama. Kaka yake Bakili ana mashamba ya korosho Nalasi, na barabarani ana fremu ya duka isiyo na mpangaji. Atapika mikate na keki huko. Watu wa korosho wakishauza, hawakosi harusi. Mashine aliitaka kwa ajili ya huko.

"Kule hakuna anayenijua kama nusu ya mtu," alisema.

Ida alitaka kusema kitu, akaona hana haki ya kukisema. Akasema tu kwamba mashine ni hiyo, ni yake, na keki atamwambia mzee Daimu atafute mtu mwingine, au Zulfa aipike kama alivyoapa.

Zulfa aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni, halafu akautazama ule mkono wa kulia uliofungwa bendeji, akautazama muda mrefu.

"Keki utaipika wewe," alisema. "Mimi nimeshaghairi. Miaka yote nimeingia kwenye kumbi kwa mlango wa jikoni. Jumamosi nataka kuingia kwa mlango wa mbele, nikae kwenye kiti, niletewe. Chukua mashine, maliza kazi, Jumapili uirudishe. Bei yake nitakupa siku hiyo."

Ilikuwa kidogo, lakini Ida aliipokea kama mtu aliyepewa maji. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga simu ilipoita.

Alikuwa mzee Daimu.

Ida alidhani ni majina ya kuandika kwenye keki. Na kwa kuwa hakutaka tena kumficha Zulfa kitu chochote, hata kidogo, akabonyeza sauti kubwa na kuilaza simu juu ya boksi kati yao.

Mzee alimwamkia haraka haraka. Akauliza kama ameshaanza kuchanganya unga.

"Bado, mzee. Naanza leo mchana."

"Basi usianze."

Zulfa aliisogelea simu.

Mzee Daimu akasema kuna jambo limetokea huku kwao. Fedha aliyotanguliza akae nayo, si kosa lake. Ila anamwomba kitu kimoja kama mama mwenye heshima: asimwambie mtu yeyote, na zaidi lisifike kwa upande wa binti. Wazee wanakaa leo, na wenyewe watajulishwa kwa utaratibu.

Ida alimtazama Zulfa. Uso wa Zulfa ulikuwa umetulia kabisa. Alipeleka kidole midomoni, kisha akaionyesha simu. Uliza.

"Jambo gani, mzee?" Ida aliuliza.

Upande wa pili alisikika mtu akikohoa na jogoo akiwika.

"Mama, uko peke yako hapo?"

Ida alikuwa amekuja kwenye nyumba ile kuacha uongo. Haikuwa imepita nusu saa. Zulfa alitikisa kichwa, akamsihi kwa macho asimtaje.

"Niko peke yangu," Ida alisema.

Mzee akashusha pumzi. Akasema alfajiri ya leo, watu wakiwa msikitini, ameshuka mwanamke kwenye pikipiki hapo kwao Lusewa. Ametoka Masasi. Ana mtoto mgongoni na cheti cha ndoa mkononi, na jina lililoandikwa kwenye cheti ni la Abuu.

"Na Abuu anasemaje?"

"Abuu amemtambua mtoto," mzee alisema. "Baada ya hapo amechukua pikipiki ileile, na hatujui ameelekea wapi."

Simu ikakatika.

Zulfa aliinuka. Mguu wake ukaupiga ungo, mchele ukamwagika sakafuni wote, hakuutazama. Alikwenda mpaka kwenye pazia la chumba cha ndani, akalishika kwa mkono mmoja, akasimama hapo, haingii, harudi.

Ida alimfuata, akasimama nyuma yake. Hakuthubutu kumgusa.

Ndani wanawake walikuwa wanaimba polepole, na juu ya sauti zao Asma aliita, "Mama, njoo uone. Mkono mmoja umeshakauka."